KUTAFUTA NYUMBA YA KUPANGA MJINI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi. Imepigwa chapa hapa kwa ombi la wale wasioweza kuhudhuria.)



Katibu alipotuandikia barua alitutaka tuseme juu ya jambo lo lote lenye faida kwa watumishi wa Serikali. Tulifikiri siku nyingi. Mwisho tukaona kwamba jambo lililotutaabisha kupita yote tangu tulipoanza kushika kalamu si kazi yenyewe, bali ni mahali pa kulala baada ya kazi. Kwa hiyo tumechagua kusema juu ya nyumba za kupanga, na hasa katika mji wa Dodoma, ambako wengi wetu tumehamishiwa na wengine wangali wakingoja barua zao.

Tangu mwaka 1922, watumishi Waafrika walipounda chama chao mjini Tanga wakiongozwa na Martin Kayamba, karani amekuwa mtu wa kuhamishwa. Leo yuko pwani, kesho yuko bara. Barua ya uhamisho haiulizi kama una kitanda huko uendako. Zamani baadhi yetu walipata nyumba za Serikali. Lakini kuanzia mwaka 2002 nyingi katika hizo ziliuzwa kwa watumishi waliokuwamo. Waliozipata walifurahi, nao hatuwaonei wivu, walakini aliyekuja nyuma yao alikuta mlango umefungwa. Basi, sehemu kubwa ya watumishi leo ni wapangaji wa watu binafsi.

Habari za Dodoma mwazijua. Shauri la kuhamishia makao makuu huko lilikatwa mwaka 1973, likakaa miaka mingi likitekelezwa kidogo kidogo. Mwaka 2016 Serikali ilianza kuhama kwa nguvu: Waziri Mkuu alitangulia mwaka huo, Makamu wa Rais akafuata mwaka 2017, na Rais mwenyewe mwaka 2019. Nyuma ya wakubwa hao walikwenda makarani, wahasibu, madereva na matarishi, killa mtu na godoro lake. Mji uliozoea wageni wachache ulipokea maelfu kwa muda mfupi, na mahali penye watu wengi na vyumba vichache, mwenye chumba ndiye mfalme.

Sasa twataka kueleza mambo ambayo mtafutaji hana budi kuyajua kabla ya kutoa hata shilingi moja.

KWANZA, AJUE ANACHOTAFUTA. Nyumba za miji yetu ni za namna nyingi. Iko ile nyumba ya Kiswahili tuliyoizoea Kariakoo na Magomeni: baraza mbele, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na uani kuna choo, bomba na jiko la wote. Chumba kimoja katika nyumba ya namna hii ni rahisi kwa bei, na kijana asiye na familia aweza kukaa kwa amani akijua kuishi na watu. Viko tena vyumba viwili, yaani chumba na sebule, na vingine vina choo ndani. Halafu iko nyumba ya kujitegemea yenye ua wake na mita yake. Mtu na apime mshahara wake kwanza, ndipo apime nyumba. Tumewaona wenzetu waliopanga nyumba ya kujitegemea kwa ajili ya macho ya watu, wakala ugali na chumvi mwezi mzima ndani ya sebule yenye vigae.

PILI, APIME MBALI NA KARIBU. Ofisi nyingi za Wizara sasa ziko Mtumba, kilometa 17 hivi kutoka katikati ya mji, kwa njia ya Dar es Salaam. Nyumba iliyo upande wa pili wa mji yaweza kuonekana rahisi, lakini hesabu nauli ya daladala mara mbili kwa siku, na siku nyingine bodaboda kwa sababu umechelewa. Zidisha kwa siku za kazi katika mwezi, ujumlishe na kodi. Mara nyingi utaona kwamba rahisi ni ghali.

TATU, AULIZE MAJI. Dodoma ni nchi kavu; mvua hunyesha kwa kawaida kati ya Desemba na Aprili tu. Usitosheke kuona bomba, fungua bomba. Uliza maji hutoka siku zipi, na kama mwenye nyumba ana simtanki, na kama wapangaji wote huruhusiwa kuteka. Uliza kwa majirani, si kwa dalali. Na ikiwa wapelekwa kuona nyumba wakati wa kiangazi, tazama kama imejengwa bondeni, maana maji uyatafutayo Oktoba yaweza kukufuata kitandani mwezi wa Januari.

NNE, ATAZAME UMEME. Mita ya luku yaweza kuwa ya mtu mmoja au ya nyumba nzima. Ikiwa ni ya wote, waulize wapangaji waliomo wanachanga namna gani, kwa kuwa ugomvi wa umeme umevunja ujirani mwingi. Tena, tangu mwaka 2021 kodi ya jengo, ambayo ni deni la mwenye nyumba, hukatwa katika luku. Yampasa mpangaji akubaliane na mwenye nyumba mapema namna ya kurudishiwa fedha hiyo, na jambo hilo liandikwe.

TANO, AJUE HESABU YA SIKU YA KWANZA. Hapa ndipo wengi huanguka. Tuseme kodi ya vyumba viwili ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Mtu mgeni huwaza: mshahara wangu wabeba. Lakini mwenye nyumba hataki mwezi mmoja. Ataka miezi sita, nayo ni shilingi 900,000. Dalali naye, kwa desturi, ataka kodi ya mwezi mmoja, yaani 150,000. Jumla ni shilingi 1,050,000 kabla ya kununua hata ndoo. Wengine hudai mwaka mzima. Karani anayelipwa mwezi kwa mwezi ataipata wapi? Huenda kwa wakopeshaji wa riba, na huko akaacha kadi yake ya benki. Twawajua watu waliomaliza kukaa katika nyumba kabla ya kumaliza kuilipa.

Mtauliza, je, sheria haisemi neno? Ilikuwako Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, ikafutwa mwaka 2005. Tangu hapo kiasi cha kodi na hesabu ya miezi vimeachiwa mapatano ya watu wawili, na kati ya watu wawili mwenye shida ndiye hukubali. Kwa hiyo ngao yetu kubwa ni karatasi ya mapatano. Neno la mdomo halina shahidi siku ya ugomvi, na mashauri ya ardhi na nyumba yakifika mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, aliye na karatasi husikilizwa upesi kuliko aliye na machozi.

Wanachama wenzetu, mpaka hapa tumesema kama watu wenye busara. Sasa yatupasa kusema jinsi tulivyoipata busara hiyo, na jambo hili hatujapata kulisema hadharani.

Mwaka 2017 tulipata barua ya uhamisho, tukapewa siku chache. Tulikwenda Dodoma siku ya Ijumaa ili kutafuta nyumba, tukiwa na nia ya kurudi Jumapili kuchukua familia. Dalali mmoja alituzungusha kutwa. Jioni, tulipokuwa tumechoka, alituleta kwenye nyumba safi, na ndani akatoka mtu mwenye adabu, mwenye funguo mkononi, aliyesema ni yake. Alituambia wako watu wawili wengine wanaoitaka, na kesho asubuhi mmoja wao ataleta fedha. Hatukuuliza jirani. Hatukwenda ofisi ya Serikali ya Mtaa, maana ilikuwa imefungwa, nasi hatukutaka kungoja Jumatatu. Tulimlipa miezi sita, akatuandikia stakabadhi kwenye karatasi iliyochanwa katika daftari la shule.

Juma lililofuata tulifika usiku na lori, mke, watoto watatu na vyombo vyote. Tulikuta taa zawaka, na watu wengine wamelala ndani. Nao walikuwa wamelipa, tena walimlipa mwenye nyumba wa kweli. Yule mwenye funguo alikuwa mpangaji tu, muda wake ulikuwa umekwisha, akaondoka na fedha yetu. Dalali hakupokea simu tena. Usiku ule vyombo vyetu vililala barabarani, na mtoto mdogo alituuliza, "Baba, nyumba yetu ni ipi?" Hatukuwa na jibu. Mwenzetu mmoja wa ofisini, ambaye tulikuwa hatujamzoea hata kidogo, alitupokea sebuleni kwake, tukakaa siku kumi na moja. Mungu amlipe.

Lakini si hayo yanayotuuma leo. Fedha hupotea na kupatikana. Linalotuuma ni kwamba tulinyamaza. Tuliona haya. Tulikuwa wakubwa wa masjala, watu wa kuhakiki karatasi za wengine, nasi tulikuwa tumetoa fedha ya nusu mwaka kwa stakabadhi isiyo na muhuri. Tulimwomba mwenzetu asimwambie mtu. Mwaka uliofuata kijana mmoja wa masjala yetu, mgeni katika kazi, alikuja siku ya Jumatatu macho mekundu. Alikuwa amelipa kodi ya mwaka mzima kwa fedha ya mkopo, kwa mtu mwenye funguo, jioni, siku ya Ijumaa. Alitusimulia kisa chetu wenyewe, neno kwa neno, bila kujua. Nasi tulikaa kitini kama mti. Kama tungalisema, yule kijana asingaliumia. Kuuliza si ujinga, wahenga walisema; na sisi twaongeza kwamba kusimulia hasara yako si aibu, maana aibu ni kuiacha impate mwenzako.

Kwa sababu hiyo twayaweka mbele yenu maneno haya, kila mmoja ayakate ayabandike juu ya meza yake:

1. Usilipe siku ile ile uliyoiona nyumba, wala usilipe jioni, wala usilipe kwa sababu ya kuambiwa kuna mwingine ajaye na fedha.

2. Nenda ofisi ya Serikali ya Mtaa, ukamwulize mwenyekiti wa mtaa nyumba ni ya nani. Mapatano yaandikwe na kushuhudiwa mbele yake. Asiyetaka kwenda huko, mwache.

3. Ongea na wapangaji waliomo na jirani wa kulia na wa kushoto.

4. Lipa kwa njia ya benki au simu, kwa jina lile lile lililo katika mapatano, na stakabadhi uitunze. Mali bila daftari hupotea bila habari.

5. Katika karatasi iandikwe: kodi, muda, taarifa ya kuhama, nani atatengeneza kitu kikiharibika, na hesabu ya luku siku ya kuingia.

Nasi wapangaji tusijione malaika. Wako wenye nyumba waliochoshwa na watumishi wanaohama usiku na kuacha deni la maji, au waliotia watu wanane katika chumba cha wawili. Sifa mbaya ya karani mmoja humfungia mlango karani ajaye. Tukipewa nyumba, tuitunze. Tukichelewa kulipa, twende wenyewe kusema kabla ya kuitwa.

Mwisho, Bwana Mwenyekiti, tuna maombi mawili kwa chama chetu. La kwanza ni kwamba Katibu afungue daftari la nyumba. Mwanachama anayehama aandike humo nyumba anayoiacha, kodi yake, habari ya maji, na kama mwenye nyumba ni mtu wa haki, ili anayekuja aanzie hapo badala ya kuanzia kwa dalali wa njiani. La pili ni kwamba sehemu ya akiba yetu itengwe iwe mfuko wa kodi, mwanachama aliyehamishwa akopeshwe fedha ya miezi ya kwanza bila riba, nayo ikatwe kidogo kidogo katika mshahara. Twajua akiba yenyewe ni ndogo. Lakini wanachama wawili tu wakiokolewa na wakopeshaji katika mwaka mmoja, mfuko utakuwa umefanya kazi yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya mdomo tu, leo tumemletea Katibu daftari jipya, na katika ukurasa wa kwanza tumeandika kisa chetu chote, pamoja na jina letu. Kurasa zilizobaki ni zenu.