Hesabu ya Gunia la Mahindi

(Maneno ya Kamati ya Fedha kwenye hafla ya harambee)

 

Mmetuzoea kwa kudai michango. Leo tunaomba kwanza tufungue daftari la nchi. Katika Tanzania, karibu watu 2 kati ya kila 3 wenye kazi wako shambani, lakini kilimo kinaleta kama robo tu ya pato la taifa. Mhasibu akikuta hesabu ya namna hiyo huuliza mambo mawili: hawa watu wamepewa nini cha kufanyia kazi, na mali inapotelea wapi?

Inakopotelea tunakujua. Ekari ya jembe la mkono na mbegu ya kurudia hutoa gunia 6 au 7. Jirani mwenye mbegu bora, mbolea na palizi ya wakati anavuna 15, udongo uleule. Kisha Julai, madeni yakibana, mahindi yanauzwa kwa rumbesa, na kile kilemba cha juu ya gunia hakilipwi. Yanayobaki ndani yanaliwa na dumuzi. Ikifika Januari simu zinaanza kulia, nasi tunatuma pesa ya unga. (Msicheke, kila mmoja hapa anaijua simu hiyo.) Ukoo mmoja unauza mahindi kwa bei ya chini na kuyanunua tena kwa bei ya juu.

Taifa nalo linapoteza hapohapo. Mkulima aliyebakiwa na gunia 8 za kuuza Desemba ataezeka bati, na bati hilo limetoka kiwandani huku mjini. Atamlipa fundi, atamlipa dereva wa lori, na mwenye duka ataagiza mzigo mwingine. Anayehemea chakula hanunui kitu kingine chochote.

Ndiyo maana mwaka huu tunaomba kwa ajili ya ghala. Wenzetu nyumbani wamefyatua tofali wenyewe na kuta zimefika kwenye lenta. Zimebaki bati, milango na mizani. Sisi wa hesabu tunaipigania mizani kuliko vyote, maana mbele yake rumbesa haina pa kujificha.

Mweka Hazina amekaa kushoto mwa mlango. Stakabadhi anaandika papo hapo, hata kwa anayelipa nusu leo na nusu mwisho wa mwezi.