Mchoro Huanza kwa Kuuliza



Mwezi wa Mei 1990 matingatinga yalikibomoa kijiji cha Muoroto, Nairobi, na maelfu ya watu wakabaki bila makao. Mwaka 1996 wakazi wa vijiji kama hicho waliunda Muungano wa Wanavijiji kutetea makazi yao. Tulilojifunza ni hili: tingatinga hutanguliwa na ramani, na mwenye kushika kalamu ndiye mwenye madaraka.

Tangu 2006 shirika la Kounkuey Design Initiative, lisilofanya biashara ya faida, limefanya kazi Kibera. Wasanifu wake walikaa kwanza na vikundi vya wenyeji, wakauliza yanayowatatiza. Majibu yalikuwa maji, vyoo, mafuriko, mahali pa watoto kucheza na pa kujitafutia riziki. Kando ya mto, palipokuwa jaa la taka, pakajengwa uwanja wa umma ambao wenyeji waliupanga, wakashiriki kuujenga, kisha wakausimamia. Viwanja vingine vikafuata.

Huko Mukuru, Kaunti ya Nairobi ilipotangaza eneo maalumu la mipango mwaka 2017, Muungano, vyuo vikuu na mashirika yalishirikiana na wakazi kuandaa mpango wa makazi ya kaya zipatazo 100,000.

Tazameni faida yake. Kikundi kinachochagua kamati, kukubaliana ada ya choo na kusoma hesabu mbele ya wote, kimekwisha kuuzoea uraia. Aliyemhoji msanifu kuhusu upana wa daraja hatashindwa kumhoji mwakilishi wa wadi kuhusu bajeti.

Msanifu naye hufundishwa. Chuoni alijifunza vipimo vya choo. Kijijini huambiwa kwamba choo kisicho na taa, kilicho mbali na nyumba, mama hathubutu kukiendea usiku. Elimu hiyo haimo vitabuni mwake.

Lakini tusijidanganye. Katiba ya 2010 imeutaja ushiriki wa wananchi miongoni mwa maadili ya taifa. Hata hivyo, Julai 2018 nyumba nyingi za Kibera zilibomolewa kupisha barabara. Kuitwa barazani kutia sahihi orodha ya waliohudhuria si kushiriki. Wala shirika halichukui nafasi ya serikali tunayoilipa kodi.

Basi twawaomba wasanifu: njooni kabla hamjachora. Nasi wananchi, tusingoje kuonyeshwa ramani iliyokwisha pigwa mhuri. Tuidai ingali karatasi tupu.