HOFU YA GHAFLA INAPOMSHIKA MUISLAMU

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zangu katika imani:

Wapo miongoni mwetu wasioswali ila karibu na mlango, na wapo walioacha kabisa swala ya jamaa, si kwa uvivu bali kwa hofu. Imamu yu katikati ya kisomo, mara moyo wa mtu huenda mbio, kifua hubana, vidole hufa ganzi, jasho humtoka, naye huyakinisha kwamba mauti yamemfikia. Watu wakisikia habari zake husema ana jini, au imani yake ni dhaifu. Kisha hupelekwa kwa mganga akafungwe hirizi, yaani hutolewa katika hofu akatiwa katika shirki!

Imani dhaifu? Mtume (S.A.W.) alirejea kutoka pango la Hira akitetemeka, akaomba afunikwe. Bibi Khadija (R.A.) hakumkemea. Alifunikwa mpaka hofu ikamwondoka, ndipo mkewe akamliwaza kwa kumtajia mema yake. Tazameni utaratibu huo: mwili ulitulizwa kwanza, maneno yakafuata. Na mwanachuoni Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 322 Hijria (934 Miladia), katika kitabu chake cha afya ya miili na nafsi aliihesabu hofu kali kuwa ni maradhi ya nafsi yenye tiba.

Madaktari wanaeleza kuwa mwili una king'ora chake, na mara nyingine hulia pasipo na adui. Mtu huhema kwa kasi mno, na kuhema huko ndiko kunakoleta kizunguzungu na ganzi. Kwa kawaida hali hufikia kilele ndani ya dakika 10 hivi, kisha hushuka. Hofu hiyo yenyewe haiui. Lakini anayepatwa mara ya kwanza, au mwenye maumivu ya kifua, aende hospitali upesi, kwani maradhi ya moyo hufanana nayo.

Ikikushika, usishindane nayo wala usikimbie. Anayeukimbia msikiti leo, kesho nafsi yake itauogopa msikiti wenyewe. Vuta pumzi kwa pua taratibu kwa hesabu ya 4, uitoe kwa hesabu ya 6. Dhikri yako iende na pumzi inayotoka, polepole, maana dhikri ya papara huzidisha kuhema. Weka viganja juu ya mkeka, uuhisi. Ukiwa ndani ya swala na miguu imelegea, kaa; hadithi ya Imran bin Husayn (R.A.) imempa ruhusa mgonjwa asiyeweza kusimama.

Nanyi mlio jirani naye, wanaume kwa wanawake, msimzunguke wala msimpigie kelele za kisomo masikioni. Mmoja akae kando yake, apumue taratibu pamoja naye, amwambie kuwa itapita. Nasaha za kukaza imani zingoje. Hali ikirudi mara kwa mara, msindikizeni kwa daktari. Ruqya ya kisheria haimzuii mtu kutibiwa.

Wabillaahi tawfiiq.