Stesheni ya Wafanyakazi wa Chicago
(Hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya redio. Nitasema habari za stesheni moja tu, kwa kuwa ilikuwa mali ya wafanyakazi wenyewe. Jina lake WCFL, katika mji wa Chicago, Marekani. Herufi tatu za mwisho zilitoka katika jina la Chicago Federation of Labor, yaani shirikisho la vyama vya wafanyakazi vya mji ule.

Ilianza kutangaza mwaka 1926. Katibu wa shirikisho, Edward Nockels, ndiye aliyeipigania kuliko wote. Magazeti makubwa yalikuwa ya matajiri, na stesheni nyingine ziliishi kwa fedha za wenye maduka na viwanda. Basi kukiwa na mgomo, nani atausema upande wa mfanyakazi?

Mwaka 1928 tume ya serikali iliyogawa mawimbi ilipanga upya stesheni za nchi nzima. Ile ya wafanyakazi ikapewa wati 1,500, tena ruhusa ya mchana tu. Hapa nisikilizeni vizuri, maana wako watakaodhani ni jambo dogo. Mchana mfanyakazi yuko wapi? Yuko kiwandani. Jioni amerudi, amenawa, amekula, anafungua redio yake: kimya. Tena mawimbi ya kati yana tabia yao. Mchana hayaendi mbali, lakini usiku hewa ya juu sana huyarudisha chini, yakasikika mamia ya maili. Aliyenyimwa usiku amenyimwa jirani yake na watu wa mbali pia.

Tume ilisema kwamba haiwezekani kila kundi liwe na stesheni yake, na kwamba redio ni ya watu wote. Maneno matamu hayo! Lakini kampuni za biashara hazikuhesabiwa kuwa kundi.

Nockels akaenda Washington mara nyingi, akaisumbua tume na Bunge, mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1930 ruhusa ya usiku ikapatikana. Yeye alikufa 1937. Baadaye stesheni ilifika wati 50,000.

Shida iliyobaki ilikuwa fedha. Mitambo hula fedha kila siku, na matangazo ya biashara ndiyo yaliyolipa. Mwaka 1965 ikageuka stesheni ya nyimbo za vijana. Wasikilizaji wakawa wengi mno, habari za vyama zikasogezwa pembeni. Mimi siwalaumu sana viongozi wale, hesabu za chama mnazijua. Lakini mwishoni mwa miaka ya 1970 waliiuza kwa Mutual, kampuni ya utangazaji iliyokuwa mali ya Amway, wauza sabuni.

Mwenyewe mpya akaifanya stesheni ya habari na mazungumzo, kazi ile ile aliyoitaka Nockels. Jina WCFL likasikika hewani hadi 1987, na shirikisho halikuwa na hata kiti kimoja ndani ya jengo.