Picha ya Kazi Katika Kioo cha Mashine

Aliye karibu na redio aongeze sauti kidogo. Mwalimu ashike chaki, maana leo tutaandika sifuri nyingi.

Nataka tuzungumze juu ya mashine ya kukereza chuma inayoongozwa na kompyuta. Labda mmoja wenu atauliza, "Mimi mkulima wa pamba, jambo hilo lanihusu nini?" Lakuhusu, ndugu yangu. Pamba yako hupelekwa kiwandani kuchambuliwa, ili nyuzi zitengwe na mbegu. Ndani ya mashine za kuchambulia mna mihimili ya chuma inayozunguka msimu mzima. Mhimili ukilika, mashine husimama na pamba hulala ghalani, mpaka fundi akereze mhimili mwingine. Tena mtoto wako akienda kusoma ufundi, huenda akaikuta mashine ya namna hii.

Zamani fundi alisogeza kisu kwa kuzungusha gurudumu kwa mkono. Mwaka 1952, huko Marekani, wataalamu wa chuo cha MIT walionyesha mashine ya kukata chuma iliyofuata amri zilizotobolewa katika ukanda wa karatasi. Siku hizi amri huwekwa ndani ya kompyuta, na kioo cha mashine humchorea fundi njia atakayopita kisu, hata kabla kisu hakijagusa chuma. Kosa likiwapo, fundi huliona katika picha, wala hapotezi chuma chake.

Lakini picha hiyo haijipangi yenyewe. Ni lazima uiambie mashine ukubwa wa chuma. Katika mitambo ya Fanuc ya Kijapani, inayotumika katika nchi nyingi, unafungua ukurasa wa picha, kisha unajaza namba mbili kwanza: mbele ya herufi W unaandika urefu, na mbele ya herufi D unaandika kipenyo, yaani upana wa duara ukipimwa kwa kupita katikati yake.

Hapa ndipo kisomo chenu kinapotakiwa. Mitambo hiyo mingi, katika ukurasa huu, haihesabu milimita nzima. Huigawa kila milimita mafungu elfu moja, na kuhesabu mafungu hayo. Tuseme mhimili wetu una urefu wa milimita 200 na kipenyo cha milimita 60. Mwalimu, andika ubaoni: W ni 200000, na D ni 60000. Usitie mkato katikati ya namba. Wanafunzi, zihesabuni sifuri hizo kwa kidole, mmoja mmoja.

Je, mtu akiandika 200 tu? Mashine itafahamu kwamba chuma kina urefu wa sehemu mbili za kumi za milimita moja, kama unene wa karatasi mbili. Itakuza picha kupita kiasi, mistari itoke nje ya kioo, naye atadhani mashine imeharibika. Akizidisha sifuri moja, picha itanywea kama sisimizi. Nimewaona vijana wenye vyeti wakimwita fundi wa umeme kwa ajili ya sifuri moja!

Namba zikiwa sawa, futa mchoro wa zamani, maana mistari ya jana ikibaki itachanganyika na ya leo. Sasa waweza kuchora.

Sikilizeni vizuri jambo linalofuata, kwa kuwa ni la hatari. Wakati wa kuchora, mafundi wengi hufunga mwendo wa mashine kwa swichi. Kisu husimama palepale, lakini kompyuta huendelea kuhesabu kana kwamba kisu kinatembea. Mchoro ukiisha, kompyuta inaamini kisu kiko mahali fulani, kumbe kiko pengine. Katika karakana moja niliyoitembelea, kijana alichora picha nzuri kabisa, akafungua swichi, akabonyeza kitufe cha kuanzia. Kisu kikaenda moja kwa moja kwenye taya zinazoshika chuma. Kilivunjika, na kipande kikapita karibu na shavu lake. Alikuwa hajarudisha mashine mahali pake pa kuanzia kuhesabu. Hatua hiyo imeandikwa katika kitabu cha mashine, na kitabu kilikuwa kabatini. Hakuna aliyekisoma.

Tena, mchoro huu wa mistari hauonyeshi taya hizo. Huonyesha njia ya kisu tu. Basi usiseme, "Picha ni nzuri, kwa hiyo kazi ni salama." Funga mlango wa mashine, punguza mwendo, na uangalie mwenyewe umbali uliopo kati ya kisu na taya.

Wazee wa kanda hii watakumbuka mradi wa kisomo chenye manufaa ulioanza Mwanza mwaka 1968, ambapo watu wazima walijifunza kusoma pamoja na kazi zao za kila siku. Zoezi letu ni la namna hiyo. Andikeni katika daftari:

Mhimili una urefu wa milimita 320 na kipenyo cha milimita 75. Utaandika nini mbele ya W, na nini mbele ya D? Na fundi aliyeandika D 7500, ameiambia mashine kwamba kipenyo ni milimita ngapi?

Mpeni mwalimu madaftari yenu. Majibu tutayasoma katika somo lijalo. Kwaherini.