Kabla ya kusema "ni uzee tu"

Mzee akianza kusahau majina ya wajukuu au kupotea njia ya nyumbani, wengi husema ni uzee tu. Wengine hunong'ona uchawi. Msikilizaji, hapo ndipo penye hatari. Akili huweza kuvurugwa na mambo yanayotibika: upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kuzorota, kaswende ya muda mrefu, sonona, hata dawa za usingizi anazomeza kila siku. Na hili lizingatie zaidi: mzee akianguka akagonga kichwa, damu huweza kuvia taratibu juu ya ubongo, dalili zikajitokeza wiki kadhaa baadaye, hakuna anayekumbuka tena ile ajali. Upasuaji unaweza kumrejesha.

Kwa upande mwingine, tusidanganyane. Wagonjwa wengi wa demensia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili, hasa wale wa ugonjwa wa Alzheimer, hawaponi, na picha ya CT ya kuangalia damu hiyo kichwani ni ghali na iko mbali. Lakini kuuliza kama aliwahi kuanguka, na kukagua mfuko wake wa dawa, hakuhitaji mashine. Kwangu mimi, tuanzie hapo.

Linabaki swali hili: vipimo vinavyohitaji fedha, nani avilipie? Familia, bima, au serikali?