KUNUNUA KAMIONETE YA ZAMANI: FAIDA AO HASARA?
Mazungumzo na watu wa vijiji vinavyolisha miji ya mine



Juzi jioni wazee watatu walikuja kwangu. Waliniambia: «Monitere, mahindi tumeuza. Feza ya kijiji iko ndani ya sanduku. Mujini kuna mutu anayeuza kamionete. Imetembea kilometa 300,000, lakini bei yake si kubwa. Tununue ao tuache?»

Sikuwajibu siku ile. Niliwaambia: Feza ni ya watu wote, basi neno hili lizungumzwe mbele ya watu wote. Ndiyo sababu tumekutana leo.

Sitacheka shauri lenu, kwani sababu yake ninaijua. Njia ya reli ilifika Elisabethville, muji unaoitwa leo Lubumbashi, katika mwaka 1910. Tangu siku zile watu wa mine wanakula chakula kinachotoka katika vijiji. Lakini mukulima hana gari. Muchuuzi anakuja na kamio yake wakati wa kiangazi, anataja bei, na mukulima anakubali, kwani hana njia ingine. Kwa hiyo munasema: «Tukipata kamionete yetu, tutataja bei sisi wenyewe.» Ni shauri zuri. Lakini shauri zuri linaweza kuharibiwa na kamionete mbaya. Sikieni jambo nililoliona.

Kijiji kilichonunua rangi

Kuna kijiji kimoja nilichokitumikia zamani. Jina lake sitalitaja. Baada ya mavuno watu walikusanya feza yao yote, wakanunua kamionete. Ilikuwa imepakwa rangi mupya, inangaa kama kioo. Kontere, ndiyo ile inayohesabu kilometa mbele ya shoferi, ilionyesha 140,000. Watu walifurahi. Hakuna mutu aliyelala chini kutazama tumbo la gari.

Mwezi wa tatu walipakia mifuko 30 ya mahindi. Katika shimo la njia shasi ilikatika nyuma ya kabini. Walipotazama, waliona kwamba ilikwisha kupasuka zamani, mutu akaiunga kwa moto na kuificha kwa rangi nyeusi. Feza ya kuitengeneza haikuwako, kwani walitoa yote siku ya kununua. Mvua ilianza, mahindi yakabaki kijijini, mengine yakaota ukungu. Watu walikula hata mbegu. Leo kuku zinataga mayai juu ya kiti cha shoferi.

Watu wale hawakuwa wapumbavu. Walitazama rangi na hesabu ya kilometa, basi. Hawakutazama kitu kingine.

Kilometa nyingi ni neno gani?

Kutoka Likasi kwenda Lubumbashi na kurudi ni kilometa 240 hivi. Kilometa 300,000 ni safari kama 1,250 za namna hii. Ni kazi kubwa. Lakini motere nzuri ya mazutu, iliyobadilishiwa mafuta kwa wakati wake, inaweza kuifanya na kubaki na nguvu. Na motere iliyotunzwa vibaya inaweza kufa kabla ya nusu.

Kwa hiyo musiulize tu: «Imetembea kilometa ngapi?» Ulizeni: «Ilitembea wapi? Nani aliiendesha? Nani aliitengeneza?»

Kamionete ya mutu mumoja, iliyotembea kilometa 300,000 juu ya lami, na mwenyewe ana daftari la matengenezo, inaweza kuwa bora kuliko ingine ya kilometa 150,000 iliyopita katika mashimo ya mine na mikono ya mashoferi kumi. Tena gari za mine zinasimama mara nyingi na motere inawaka saa nyingi. Saa hizo kontere haihesabu, lakini motere inachoka. Na gari iliyofanya kazi karibu na asidi inaweza kuliwa chuma chake polepole.

Tena kontere inaweza kudanganya. Kuna watu wanaoirudisha nyuma. Kuna nyingine zinahesabu maili, si kilometa: maili moja ni zaidi kidogo ya kilometa moja na nusu. Mukiona kontere inasema 90,000, lakini mupira wa pedali umekwisha mpaka chuma, usukani umelainika kama mupini wa jembe la muzee, na kiti kimeshuka, aminini pedali. Pedali haisemi uwongo.

Namna ya kutazama

Kwanza, mikanda. Ombeni karte roze na mikanda ya duane. Namba ya shasi iliyoandikwa juu ya mukanda inapashwa kufanana na namba iliyopigwa juu ya chuma. Kama mwenyewe anasema «nitaleta kesho», ninyi pia semeni «feza tutaleta kesho».

Pili, shasi. Ni mugongo wa gari. Motere inaweza kubadilishwa. Shasi iliyovunjika ni shida kubwa. Laleni chini na taa na nyundo ndogo. Pigeni polepole: chuma kizima kinalia, chuma kilichooza kinatoa sauti ya bure, hata kinatoboka. Tazameni sana nyuma ya kabini na pahali resori zinaposhikiwa. Mukiona alama za kuunga kwa moto, ao rangi nyeusi mupya pahali pamoja tu, ulizeni sababu. Kama hakuna jibu la kweli, rudini nyumbani.

Tatu, motere. Fikeni asubuhi sana, bila kutoa habari kwamba mutafika saa ile. Wekeni mukono juu ya motere. Kama ni ya moto, mutu amekwisha kuiwasha ili kuficha shida ya kuwaka kwake. Ngojeni ipoe kabisa. Musifungue radiatere ikiwa ya moto. Maji yake yatawaunguza.

Ikiwa ya baridi, fungueni radiatere. Mukiona mafuta juu ya maji, ni mubaya. Toeni kijiti cha kupima mafuta. Mafuta meusi ni desturi ya motere ya mazutu. Lakini mafuta yaliyo kama maziwa yamechanganyika na maji, nayo ni ugonjwa mukubwa.

Sasa washeni. Tazameni moshi. Moshi mweupe kidogo asubuhi ya baridi, unaokwisha upesi, hauna neno. Moshi mweupe usiokwisha ni shida. Moshi wa buluu unasema motere inakula mafuta yake yenyewe. Moshi mweusi mwingi unasema mazutu haiungui vizuri; pengine ni filtre ya hewa iliyojaa vumbi, pengine ni pompe ao enjektere, na hizo ni za bei kali. Halafu fungueni kifuniko cha pahali pa kutilia mafuta, motere ikiwaka. Kama pumzi inatoka kwa nguvu kama ya mutu aliyepanda mulima, motere imechoka ndani.

Ulizeni tena juu ya mukaba wa ndani wa motere. Si motere zote zilizo nao, lakini Hilux nyingi za zamani za mazutu zinao. Unapashwa kubadilishwa kila kilometa 100,000 hivi; kitabu cha gari kinaonyesha hesabu yake. Ukikatika, motere inaweza kuvunjika ndani kwa mara moja. Kama hakuna anayejua siku ulipobadilishwa, wekeni bei ya mukaba mupya katika hesabu yenu.

Ine, safari ya kujaribu. Gari tupu inaficha ugonjwa wake. Pakieni muzigo, hata kama ni muchanga, muende kilometa 20, na mupande mulima. Sikieni kama vitesi vinaruka vyenyewe, kama motere inalia kwa nguvu na gari haiongezi mwendo: hapo ambrayaje imekwisha. Pahali pasipo watu, kanyageni freni: gari isivute upande mumoja. Tazameni mipira: kama imelika upande mumoja tu, kuna kitu kimepinda. Mukirudi, simameni nusu saa, kisha tazameni chini kama mafuta ao maji yanadondoka.

Tano, usukani. Sisi katika Kongo tunafuata mukono wa kuume wa njia. Gari nyingi za Japani zina usukani upande wa kuume, kwani kule, kama vile Zambia na Tanzania, wanafuata mukono wa kushoto. Katika njia ya Kasumbalesa, Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, yenye kamio nyingi za madini, shoferi wa gari ile haoni vizuri akitaka kupita kamio iliyo mbele. Fikirini jambo hili vizuri, kwani ni jambo la uhai.

Sita, vyuma vya kubadilisha. Nunueni aina ya gari ambayo munaiona kila siku katika njia, na mekanisye wa karibu anaijua. Gari ya aina isiyojulikana, hata kama kilometa zake ni chache, itawalaza njiani mukingoja kipande kimoja kutoka mbali.

Nendeni na mekanisye wenu. Asiwe rafiki wa mwenye kuuza. Mulipeni kwa kazi yake, hata kama atasema «musinunue». Feza ile haijapotea.

Hesabu kabla ya furaha

Mutauliza: «Kama kamionete ni nzima, tununue?» Ninajibu: Bado. Hesabu kwanza.

Tuseme, kwa mufano tu, kijiji kiko kilometa 120 na soko. Kamionete inabeba kilo 1,000, ni kusema mifuko 20 ya kilo 50. Bei ya mujini inapita bei ya kijijini kwa franka 12,000 kila mufuko. Safari moja inaleta franka 240,000.

Sasa tutoe. Kwenda na kurudi ni kilometa 240. Ikila lita 15 kwa kilometa 100, ni lita 36. Kwa franka 3,000 lita moja, ni franka 108,000. Shoferi na musaidizi: 32,000. Mipira, mafuta ya motere na matengenezo: 50,000. Jumla 190,000. Inabaki 50,000.

Kama bei ya kamionete ni franka 20,000,000, munapashwa kufanya safari 400 kabla ya kurudisha feza yenu. Kijiji chenye mifuko 600 kwa mwaka kina safari 30 tu. Ni zaidi ya miaka 13! Gari ya kilometa 300,000 haitawangoja miaka ile yote.

Lakini tuseme vijiji vitatu vinapatana: sasa ni safari 90 kwa mwaka. Na tuseme kamionete hairudi tupu. Inarudi na mbolea, chumvi na sabuni za watu wanaolipa, franka 100,000 kila safari. Inabaki 150,000. Safari 134 zinarudisha bei, ni kusema mwaka mumoja na nusu hivi. Gari ni ileile na njia ni ileile. Kinachobadilika ni kazi yake.

Fanyeni hesabu hii kwa bei zenu za kweli. Kama inasema hasara, kodini kamio pamoja na vijiji vingine. Mutapata bei nzuri mujini bila kununua chuma. Si haya kukodi.

Sehemu tatu za feza

Neno la mwisho. Gawanyeni feza ya sanduku sehemu tatu. Mbili ni za kununua. Ya tatu ibaki katika sanduku siku ile ile, kwani gari ya zamani itaomba mipira, mukaba, batri ao resori mbele ya mwezi wa sita. Kama sehemu mbili hazifiki bei, gari ile si yenu. Mutu asikope, na mutu asiuze mbegu, ili kuongeza.

Mukiisha kununua, mutu mumoja ashike ufunguo na mwingine ashike daftari. Safari yote iandikwe: mifuko, mazutu, mafuta, feza. Na mifuko 20 ni 20. Anayepakia 40 anauza shasi kwa bei ya safari moja.

Basi, wazee watatu mulionijia, jibu langu ni hili: kilometa 300,000 si sababu ya kukataa, na bei ndogo si sababu ya kukubali. Kesho tumeni watu katika vijiji viwili vya jirani, muulize kama watapatana nanyi. Siku ya posho, kabla ya jua kutoka, tutakwenda pamoja mujini na mekanisye, na taa, na nyundo. Feza tutaiacha nyumbani. Mutu aliye na feza mufukoni anaona haraka, lakini haoni vizuri.

Kama kamionete ni nzima leo, kesho kutwa pia itakuwa nzima. Na kama mwenyewe anawaambia «nunueni sasa hivi, kuna mutu mwingine anaitaka», mwambieni kwa upole: «Mupe yeye.»

Mukae vizuri.